Posho ya PhD Marekani: Roth IRA inamfaa anayetaka kurudi nyumbani?

BintiLikoni · 8 Februari 2026

Shikamooni wakubwa. Wenzangu, hamjambo.

Niko mwaka wa tatu wa PhD ya isimu, Indiana. Nilifika Agosti 2023 kwa viza ya mwanafunzi, F-1. Nafundisha Kiswahili kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza (mwezi huu tuko kwenye ngeli ya KI-VI, tuombeeni) na kwa kazi hiyo mwaka jana nililipwa dola 18,000. Kiangazi hakuna darasa, kwa hiyo nikapewa ufadhili wa utafiti wa dola 4,000. Zilipoingia benki nikakuta 3,440. Kuuliza, nikaambiwa 14% imekatwa kodi juu kwa juu.

Jumla 22,000. Chumba 640 kwa mwezi, nyumba tunagawana watu watatu. Mama yuko Likoni, namtumia 150. Toa chakula, simu, basi, ada ndogondogo za chuo ambazo ufadhili haulipi, mwezi mzuri nabaki na kama 150. Mwezi wa baridi kali, bili ya gesi ikija, sibaki na kitu.

Sasa, wiki iliyopita W-2 zimefika (karatasi ya mwajiri ya mshahara wa mwaka), tukakaa kujaza fomu mimi na Mmarekani mwenzangu wa idara. Posho yake na yangu ni sawa senti kwa senti. Akaniambia tangu mwaka wa kwanza anaweka pesa kwenye Roth IRA, akaunti ya akiba ya uzeeni anayojifungulia mtu mwenyewe. Nikacheka. Uzeeni? Nina miaka 27 na kiatu changu cha theluji kimetoboka. Lakini usiku nikatoa karatasi ya mshahara nikaitazama vizuri: Social Security (pensheni ya serikali) sifuri, Medicare (bima ya afya ya wazee) sifuri. Mstari huo nilikuwa naupenda, maana najua sisi wa F-1 hatukatwi. Nikapiga hesabu. Uzamili Nairobi miaka miwili bila NSSF, hapa mitano au sita bila chochote. Nitafika miaka 30 na hakuna aliyewahi kuniwekea hata shilingi, mimi mwenyewe nikiwemo.

Naomba kujua: mimi si raia, naruhusiwa? Zile 4,000 za kiangazi ambazo si mshahara zinahesabika? Na nikirudi Kenya pesa itakwama huku? Ofisi ya wanafunzi wa kigeni imenijibu kwa mstari mmoja: hatutoi ushauri wa kodi.

Mkurugenzi_wa_Ploti · 8 Februari

Dada, usijisumbue. Hiyo ni ya Wamarekani. Halafu posho ya ufadhili si mshahara, kisheria huwezi kuiweka huko. Nilikuwa huko mpaka 2017 na hivyo ndivyo tulivyoambiwa. Dola 150 kwa mwezi ni zaidi ya laki mbili za Kenya kwa mwaka. Nunua ploti Malindi kwa awamu, ukimaliza masomo una pa kujenga. Karatasi haioti mihogo.

MzeeKobe · 9 Februari

Marahaba, binti. Mkurugenzi, salaam. Ulichoambiwa kilikuwa kweli siku uliyoambiwa. Nalijua hilo kwa sababu nimelilipia.

Mimi ni wa Tanga. Nilifika Marekani Agosti 2013 kusomea sayansi ya udongo. Mwaka 2016 na 2017 nilikuwa kwenye ufadhili mtupu, hakuna kufundisha, hakuna W-2. Pesa inaingia kila mwezi, mimi nachekecha udongo kwenye maabara ya chini isiyo na dirisha. Rafiki akanipa habari kama ulizopewa wewe. Februari 2017 nikafungua Roth, nikatia dola 2,000 kwa hesabu ya mwaka 2016, nikajiona nimekuwa mtu mzima. Sikumwuliza mtu.

Machi 2019 nikaenda maktaba ya mji, kuna wazee wa kujitolea wanaosaidia watu kujaza kodi bure. Yule aliyenihudumia alipitia karatasi zangu moja moja, akafika kwenye ile ya Roth, akaigonga na kalamu. "Mwaka 2016 mshahara wako ulikuwa kiasi gani?" Nikamwambia sikuwa na mshahara, nilikuwa na ufadhili. Akavua miwani, akaiweka mezani. Nikajua kuna jambo.

Sheria ya wakati ule ilitaka pesa ya IRA itokane na malipo ya kazi. Ufadhili usio na W-2 haukuwa malipo ya kazi, ingawa kodi ulikuwa unatozwa kama kawaida. Yaani serikali inakula kodi yako, kisha inakuambia pesa hiyo si ya kuwekea uzee. Dola zangu 2,000 zikawa za ziada, na cha ziada kina adhabu ya 6% kila mwaka kinapobaki humo. 120 ya 2016, 120 ya 2017. Kilichoniokoa, 2018 nilirudi kufundisha nikawa na W-2, na mwaka huo sikuwa nimeweka kitu. Zile 2,000 zikahesabiwa kwenye nafasi ya 2018, adhabu ikakoma. Dola 240 na fomu mbili za adhabu hiyo (5329), nilizozijaza kwa penseli kwanza kwa kuogopa.

Nilihitimu Mei 2019. Tarehe 20 Desemba mwaka uleule ikasainiwa sheria inayoitwa SECURE Act, na ndani yake mna kifungu kifupi tu: pesa anayopewa mtu kumsaidia katika masomo ya juu baada ya shahada ya kwanza, au utafiti wa baada ya PhD, ikiwa imo kwenye mapato yanayotozwa kodi, inahesabika kuwa malipo kwa ajili ya IRA. Ikaanza na mwaka wa kodi 2020. Mimi nimeshavua joho.

Kwa hiyo binti, zako zinahesabika zote, 18,000 za W-2 na 4,000 za kiangazi. Hizo za kiangazi zitakuja kwenye fomu yake, 1042-S, zikiwa na namba 16 kwenye kisanduku cha aina ya mapato. Huwa inachelewa kuliko W-2, tarajia katikati ya Machi. Usitume 1040-NR yako (fomu ya kodi ya asiye mkazi) kabla haijafika, utakuja kurekebisha. Angalia neno moja tu: *yanayotozwa kodi*. Ile sehemu iliyolipa ada ya masomo haitozwi, basi haihesabiki. Na kuna wenzetu ambao nchi zao zina mkataba wa kodi na Marekani, posho yao au sehemu yake inasamehewa. Iliyosamehewa hawawezi kuitumia kama msingi wa IRA. Kenya na Tanzania hazina mkataba huo. Kwa mara moja tumefaidika kwa kusahauliwa.

Uraia hauulizwi na sheria, unaulizwa na kampuni ya uwekezaji, na hata hiyo shida yake kubwa ni namba ya Social Security na anwani ya Marekani. Wewe unafundisha, namba unayo. Mwanafunzi wa kigeni aliye kwenye ufadhili tu huwa na ITIN, namba ya kodi tu, na baadhi ya kampuni zikiiona hufunga dirisha. Fungua sasa ukiwa na vyote viwili.

Kiwango: kwa mwaka 2025 mwisho ni dola 7,000, kwa 2026 ni 7,500, na hata hivyo usizidi malipo yako ya mwaka husika. Kwako hayo ni mawinguni. Kinachokuhusu ni kwamba mpaka tarehe 15 Aprili mwaka huu bado unaweza kuweka ya 2025. Skrini itakuuliza ya mwaka gani. Ukiacha ijichagulie, nafasi ya 2025 inaweza kukupotea.

Kwa nini Roth na si IRA ya kawaida? Ya kawaida inakupunguzia kodi leo, halafu unalipa unapotoa. Wewe sehemu ya juu ya mapato yako inatozwa 12%. Ukiweka 1,800 kwenye ya kawaida unaokoa dola 216. Sasa jifikirie una miaka 60, umekaa zako Likoni, si mkazi wa Marekani, nchi yako haina mkataba: kila unachotoa kwa kawaida kinakatwa 30% mlangoni. Umekwepa 12 ukakutana na 30. Roth unalipa kodi yako sasa ukiwa maskini, na ukitimiza miaka 59 na nusu, akaunti nayo ikiwa imepita miaka mitano, unachotoa hakina kodi yao, mtaji na faida. Zile 1,800 zikikaa miaka 33 kwa 6% kwa mwaka (soko halijamwahidi mtu, nakadiria tu) zinafika kama 12,300.

Lakini kabla ya yote hayo. Novemba 2015 baba yangu alifariki. Simu ilikuja saa tisa usiku, saa kumi nilikuwa natafuta ndege, na tiketi ya kesho yake ilikuwa dola 1,900. Nilikuwa na 310 benki. Nikalipa kwa kadi ya mkopo, riba 24%, na nilizika, nikarudi, nikaendelea kulipa miezi kumi na minne. Kwa sisi wa huku, akiba ya dharura jina lake ni tiketi. Kama huna pesa ya tiketi benki, usiguse Roth. Na kama una deni la kadi, lipa hilo kwanza. Hakuna mfuko wa hisa utakaokupa 24 kwa uhakika.

Ukishakuwa nayo, ujue pia kwamba ulichoweka mwenyewe ndani ya Roth unaweza kukitoa siku yoyote bila kodi wala faini. Faida ndiyo usiiguse, ukiitoa mapema unalipa kodi na 10% juu. Kwa hiyo hapana, pesa haikwami.

Mama_wa_Minneapolis · 9 Februari

MzeeKobe, pole kwa mzee, hata kama ni zamani.

BintiLikoni mdogo wangu, usinakili hesabu ya huyo Mmarekani mwenzako. Posho zenu ni sawa, kodi zenu si sawa. Mimi nina grinkadi, nilisoma uzamili wa afya ya jamii nikiwa nayo, kwa hiyo ninajaza 1040, fomu ya raia na wakazi, kama yeye. Yeye kwa mwaka 2025 anaondoa dola 15,750 kabla ya kuhesabiwa kodi. Kwenye 22,000 anabaki na 6,250, kwa 10%, kodi ya serikali kuu ni 625. Wewe wa 1040-NR huondoi hiyo (wanafunzi wa India tu ndio wenye ruhusa, kwa mkataba wao), unatozwa karibu zote, inafika kama 2,400. Kwa hiyo akikuambia "mimi naweka 200 kila mwezi na wewe unaweza", mwache. Ana dola 1,800 kwa mwaka ambazo wewe umemwachia Mjomba Sam.

Pia atakuambia kuna mkopo wa kodi wa watu wa kipato kidogo wanaoweka akiba ya uzeeni. Mwanafunzi anayesoma muda wote (full-time) hapati, raia au si raia. Nilishajaza nikafuta.

Na 403(b), akiba ya uzeeni inayopitia chuo: uliza ofisi ya ajira kwa maandishi. Vyuo vinaruhusiwa kuwaacha nje wanafunzi wanaofanya kazi chuoni, na vingi vinawaacha. Changu kilikuwa kinaniruhusu kuweka yangu bila kuniongezea senti. Bila nyongeza yao, Roth yako mwenyewe ni rahisi zaidi, hamna ofisi katikati.

BintiLikoni · 10 Februari

Nimesoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu. Asanteni sana. MzeeKobe, hiyo ya saa tisa usiku imenigusa, maana mimi benki nina 870 na sijawahi kuzipa jina.

Nimebakiwa na maswali mawili. Nasikia mwanafunzi wa F-1 akikaa sana anakuwa "mkazi" kwenye kodi hata kama viza ni ileile. Je, hapo Roth inabadilika? Na wewe mwenyewe umesharudi, au bado uko huko? Nataka kumsikia aliyerudi, si aliyebaki.

MzeeKobe · 10 Februari

Nimerudi. Nilifanya kazi miaka mitatu ya OPT (ruhusa ya kazi baada ya masomo), nikarejea 2022, sasa nafundisha huku nyumbani. Roth iko kulekule.

Kuhusu ukazi. F-1 anasamehewa kuhesabiwa siku kwa miaka mitano ya kalenda, na kipande cha mwaka ni mwaka mzima. Wewe uliyefika Agosti 2023: 2023, 24, 25, 26, 27. Kuanzia Januari 2028 siku zako zinahesabiwa, na ukikaa mwaka ule utakuwa mkazi wa kodi. Roth haibadiliki. Yanayobadilika ni mengine. La kwanza tamu: unahamia 1040, unapata kile kipunguzo cha Mama wa Minneapolis. La pili chungu: Marekani sasa inataka kujua mapato yako ya dunia nzima. Akaunti zako za nyumbani, benki, SACCO, zikijumlishwa na kupita dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, unaziripoti kwa fomu inayoitwa FBAR. Si kodi, ni taarifa, lakini faini ya kunyamaza ni kubwa. Na kama una pesa kwenye zile fandi za soko la fedha za Nairobi ambazo kila mtu anazo siku hizi, kwao ni uwekezaji wa kigeni wenye fomu yake ya peke yake, 8621, na fomu hiyo sikutakii. Zitoe kabla ya 2028.

Na ukiwa kwenye ufadhili mtupu mwaka huo, hawatakukata tena 14%. Utafurahi, kisha Aprili utalia. Utalipa mwenyewe kwa vipande vinne: 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba, 15 Januari. Mimi niliziandika kwa maka kwenye mlango wa friji.

Kuhusu kurudi. Nilipobadilisha anwani kuwa ya Tanzania, kampuni iliniandikia: akaunti inabaki, kuuza utaweza, kununua hisa mpya hutaweza. Kampuni nyingine hazisemi hata hivyo, zinakutaka uhamishe au ufunge. Kwa hiyo, kabla ya kufungua, waulize kwa maandishi: "Nikihamia Kenya itakuwaje?" Jibu uliweke. Mimi sikuuliza, nikabahatika. Siku ya kuondoka utajaza W-8BEN kuwaambia hukai tena Marekani. Na namba ya simu! Nilifunga laini ya Marekani wakati ujumbe wa kuthibitisha akaunti ulikuwa bado unakwenda kwenye laini hiyo. Miezi miwili nje ya pesa yangu mwenyewe, napiga simu usiku wa manane kwa saa za Morogoro, nasikiliza muziki wa kusubiri.

Tangu hapo sijaiongeza, siruhusiwi, sina malipo ya huko. Huku nakatwa mfuko wa pensheni kama watumishi wengine. Januari naingia mara moja, natazama, natoka. Mke wangu anaiita "mifupa ya kule".

BintiLikoni · 21 Februari

Mrejesho. Kampuni ya kwanza niliyoiuliza kuhusu Kenya ilijibu kwa kunitumia kiungo cha ukurasa wa mbele. Ya pili ilijibu aya mbili, inafanana na yako: inabaki, hununui. Nimeihifadhi. Nimefungua ya pili.

Zile 870 nimezihamishia akaunti ya akiba ya peke yake, programu ya benki inaruhusu kuipa jina, nimeandika TIKETI. Mpaka ifike 1,800 naiwekea 100 kwa mwezi, na Roth 50. Ya kwanza nimeichagulia 2025 kwa kidole kinachotetemeka. Ni siku ya tisa leo, bado inasoma dola 50.00, haijapanda wala kushuka. Ni kawaida?

MzeeKobe · 21 Februari

Binti, hujanunua kitu! Roth ni kapu. Pesa uliyoitia imekaa ndani ya kapu kama pesa. Ingia tena, tafuta mfuko unaofuata soko zima la hisa wenye ada ya chini, au ule unaopangwa kwa mwaka wa kustaafu (wewe tazama 2060 au 2065), ununue kwa hizo 50. Nimemjua mtu alikaa na kapu tupu miaka minne akijisifu kwamba soko halijamyumbisha.

BintiLikoni · 21 Februari

Nimenunua wa 2065. Umeshashuka senti 11.

Mkurugenzi_wa_Ploti · 22 Februari

Sawa, hiyo ya 2019 sikuijua, nakiri. Lakini robo ekari ya Malindi bado ipo, na mwenye nayo ni jamaa yangu.

BintiLikoni · 22 Februari

Kaka, mwambie jamaa yako anitumie picha ya hati kwanza. Pande zote mbili.